Alikuwa Akishika Nini Mkononi?



Wapendwa waamini, tumo katika mwezi wa Novemba, ambao Mama Kanisa ameuweka kwa ajili ya kuwaombea marehemu, nasi tunapenda kuuanza kwa ungamo dogo. Mtunza sakristia wetu amelalamika mara mbili mbele ya Halmashauri ya Walei kwamba dawa ya kung'arishia vinara, ile Brasso, inakwisha upesi kuliko vinara vinavyong'aa. Watumishi wa altare wakaulizwa, wakakana, na walikana kwa haki kabisa. Tulioichukua ni sisi, paroko wenu. Tumekuwa tukiitumia usiku, juu ya meza ya chakula katika nyumba ya mapadre, kufutia sura za visanamu vya plastiki vyenye urefu wa sentimita 4.

Baadhi yenu mtacheka, na wengine mtaanza kutuombea. Vyote viwili tunavipokea. Lakini kwa kuwa jambo lenyewe linahusu marehemu, na kwa kuwa ndani yake limo kosa tulilolitenda tukiwa mimbarini, tumeona heri tuwasimulieni tangu mwanzo.

Wengi wenu mnafahamu kwamba tangu mwaka 2016 hadi 2021 tulitumwa na Baba Askofu kuhudumu Ujerumani, upande wa Bavaria, kusini mwa nchi ile. Parokia ilikuwa ya vijiji vitatu, si mbali na mji wa Günzburg, ambako tangu mwaka 2002 ipo bustani kubwa ya michezo iitwayo Legoland, iliyojengwa kwa ajili ya vitofali vya kuchezea. Vitofali hivyo ni kazi ya Wadenmark. Ole Kirk Kristiansen, seremala wa kijiji cha Billund, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati kazi za ujenzi zilipokuwa zimekauka, na mwaka 1934 akakiita kiwanda chake Lego, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Kitofali cha plastiki cha namna tunayoijua leo kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha siku zile bado kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi.

Watu wa kukaa ndani ya nyumba hizo za vitofali walichelewa. Mwaka 1975 vilitolewa visanamu visivyo na uso, mikono imeganda ubavuni. Mwaka 1978 fundi wao, Jens Nygaard Knudsen, akatoa kisanamu tunachokizungumzia: miguu inakunjwa, mikono inazungushwa, viganja vimepinda ili vishike kitu, na kichwa ni cha manjano chenye nukta mbili na tabasamu. Kwa miaka zaidi ya kumi wote walitabasamu tabasamu lile lile, polisi, muuguzi na mwanaanga, mpaka walipotokea maharamia wa mwaka 1989 na sura zao za ukorofi. Inafikirisha kidogo kwamba waliopata sura mbalimbali kwanza ni wanyang'anyi.

Sasa, wako watu wazima, hasa Ulaya na Marekani, wasioridhika na kisanamu kama kilivyotoka kiwandani. Hubadilishana vichwa, nywele, miguu na viwiliwili. Hufuta michoro na kuchora mingine. Hufinyanga kofia na mavazi, ili wampate mtu ambaye kiwanda hakikumtoa. Nao wamegawanyika, kwa maana hakuna jambo la wanadamu lisilo na madhehebu. Wapo washika sheria, wanaokubali kuchanganya vipande vya kiwandani tu, bila tone la rangi wala ncha ya kisu. Wapo wengine wasioona dhambi katika rangi. Wengine hutengeneza silaha za vita vya kisasa, kwa sababu kiwanda chenyewe hukataa kuzitoa. Na wapo waliougeuza mchezo huu kuwa katekesi: Padre Bob Simon wa Jimbo la Scranton, Pennsylvania, alijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na uwanja wake kwa vitofali vipatavyo nusu milioni, pamoja na kisanamu cha Baba Mtakatifu Fransisko, na kazi yake ikaonyeshwa Philadelphia mwaka 2015 katika jumba la makumbusho la Franklin Institute, mwaka ule Papa alipoutembelea mji huo.

Hayo yote tulikuja kuyajua baadaye. Wakati tunatenda kosa letu hatukujua hata moja.

Januari ya mwaka 2019, katika sherehe ya Tokeo la Bwana, tulizunguka vijijini pamoja na watoto waliovikwa mavazi ya Mamajusi, ambao kwa desturi ya kule huimba mlangoni, huandika baraka kwa chaki juu ya mlango, na kukusanya sadaka kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Mmoja wao alikuwa amepakwa masizi usoni ili awe mfalme mweusi, desturi ambayo siku hizi inaachwa. Na mweusi halisi alikuwa akitembea kando yake, ameshika kopo la sadaka. Katika nyumba ya mwisho ya kijiji, mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, alitukaribisha kahawa. Kando ya jiko lake kilikuwapo chumba kidogo, na ukutani, safu juu ya safu, visanamu vile. Tuliuliza, naye akajibu kwa ufupi kwamba ndiyo kazi yake ya jioni. Hatukuuliza zaidi. Kijerumani chetu kilikuwa bado kinachechemea, na tuseme kweli, hatukuona cha kuuliza.

Tarehe 4 Agosti mwaka ule, Dominika ya 18 ya Mwaka C, Injili ilikuwa ile ya tajiri aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi (Lk 12:13-21). Tulitafuta mfano ulio karibu na maisha ya watu, kama tulivyofundishwa seminarini, na mfano tulioupata ukawa karibu mno. Tulisema kwamba ghala za siku hizi hazijazwi nafaka. Tulisema tumemwona kwa macho yetu mzee mwenye mvi aliyejaza rafu zake midoli ya plastiki, akitumia fedha yake na jioni zake kuivisha nguo, wakati kwetu Afrika wapo watoto wanaochezea vifuniko vya chupa. Hatukutaja jina. Kijiji kile kilikuwa na nyumba sitini. Watu waligeuza shingo, kidogo tu, kwa adabu, kuelekea benchi la nne upande wa altare ya Mtakatifu Yosefu.

Ninyi mnalijua jambo hili, kwa maana limewapata baadhi yenu hapa hapa, huenda hata kwa midomo yetu: padre ana kipaza sauti na mwamini hana.

Dominika iliyofuata benchi la nne lilikuwa tupu, na iliyofuata vilevile. Tulijiambia kuwa ni likizo, kwa sababu Agosti Wajerumani husafiri. Katika juma la tatu mkewe alifika ofisini. Alikataa kuketi. Alisema: "Padre, wale si midoli. Wale ni watu wetu."

Kisha akaketi, akatusimulia. Walikuwa na kijana mmoja tu, ambaye alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1998, akiwa na miaka 19. Sanduku lake la vitofali lilibaki darini. Kipupwe kimoja, miaka mingi baadaye, baba yake alilishusha, akatafuta kichwa, akatafuta kofia nyekundu ya pikipiki, akakaa nalo siku kadhaa bila kusema na mtu. Alipomaliza alikiweka kisanamu dirishani, juu ya sinki ya vyombo. Jirani mjane alipokuja kuazima kitu akakiona, akauliza kama mumewe, aliyekuwa mwoka mikate, angeweza naye kupatikana. Ndivyo ilivyoanza. Aliwatengenezea wafiwa, akawapelekea wakati wa Misa ya kumbukumbu ya mwaka, bila malipo. Na nakala moja ya kila marehemu aliibakiza kwenye rafu yake. Tulizoziona Januari zilikuwa safu za waamini waliozikwa na watangulizi wetu, na wanne tuliowazika sisi wenyewe. Tuliwatazama usoni tukinywa kahawa, hatukumtambua hata mmoja.

Hapa inatupasa kueleza jambo lililotushtua sisi tuliozoea makaburi ya nyumbani. Ujerumani kaburi hukodishwa. Muda hutofautiana mahali na mahali, miaka 15, 20, 25. Ukiisha, na ndugu wasipolipia upya au wasipokuwepo tena, jiwe huondolewa na mahali pale hupewa mwingine. Si ukatili. Ardhi ni ndogo na vijiji ni vya kale. Lakini maana yake ni kwamba mtu anaweza kuishi hadi kuliona kaburi la mama yake likisawazishwa. Wazee wale walikuwa wamelipia upya kaburi la kijana wao mwaka uliotangulia, na mama yule alituuliza, si kwa hasira, ni nani atakayelilipia wao wakiondoka.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa baiskeli. Maneno ya kuomba radhi tulikuwa tumeyaandika kwenye karatasi ili tusikosee sarufi. Mzee alisimama mlangoni akatusikiliza mpaka mwisho wa karatasi. Hakusema kwamba ametusamehe, wala hakusema kwamba hakutusamehe. Alisema, "Haya, Padre," akasogeza kiti kwa mguu. Akaweka mbele yetu kichwa cha manjano, kipande cha fulana kuukuu, na kopo la Brasso. "Sugua," alisema.

Harufu ile ilitupiga puani ikaturudisha seminari ndogo, Jumamosi za kung'arisha chetezo. Hatukuwa tumefikiri kwamba tutaikuta Bavaria, jikoni kwa mtu, katika kazi kama hii. Brasso ina chembe laini sana za kukwangua ndani ya umajimaji wake. Ukisugua plastiki kwa upole wino wa kiwandani huachia, na chini yake plastiki hubaki laini na yenye kung'aa. Ukitumia asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, wino hutoka kwa sekunde chache na kichwa huyeyuka pamoja nao. Mzee alikuwa na kopo zima la vichwa vilivyoyeyuka, vya miaka yake ya kwanza. Tulisugua dakika kumi. Tabasamu ndilo lililotoka mwisho.

Tulirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, hata ikawa desturi. Kazi yenyewe ni ya ukaidi. Mavazi huchorwa kwenye kompyuta, huchapwa juu ya karatasi maalumu yenye utando, hukatwa kwa kisu chembamba, hulowekwa majini nusu dakika mpaka utando uteleze, kisha hulazwa kifuani mwa kisanamu na kukandamizwa kwa kijiti cha pamba. Kosa kidogo la mkono na shati la marehemu limekunjamana. Printa za nyumbani hazina wino mweupe. Kwa hiyo ukitaka ukosi mweupe wa padre juu ya nguo nyeusi, mchapo wako utapotea kama chumvi majini, na itakubidi uweke nukta moja ya rangi kwa ncha ya sindano. Mwishoni hupakwa vanishi, mara mbili au tatu, nyembamba. Mzee alipenda kusimulia habari za yule seremala wa Billund, ambaye mwanawe Godtfred alijisifu siku moja kwamba ameokoa fedha kwa kuwapaka bata wa mbao vanishi mara mbili badala ya mara tatu. Baba akamtuma kituo cha reli usiku ule ule akawarudishe bata wote na kumalizia mkono wa tatu. Tunadhani aliipenda kwa sababu ya reli.

Lakini kilichotufundisha zaidi si rangi. Uso wa kisanamu ni mdogo kuliko punje ya hindi, na wanaoanza, nasi tukiwamo, hutaka kuujaza kila kunyanzi na kila kovu. Mzee alifuta. Alisema ukiweka mambo mengi unapata mtu yeyote; mtu mmoja yumo katika jambo moja. Kwa hiyo alipokwenda kwa wafiwa hakuomba picha kwanza. Aliuliza swali moja: alikuwa akishika nini mkononi? Kwa sababu kiganja cha kisanamu kimepindwa kishike kijiti chenye unene wa milimita 3 na ushei, na kikikaa kitupu kinaonekana kama kinangoja.

Tulikuwepo siku alipomwuliza mjane wa mwalimu wa kwaya. Sisi tungemweka fimbo ya kuongozea, kwa maana ndivyo tulivyomjua kwa miaka mitatu. Mjane alifikiri, akasema: "Mfuko wa mkate mkavu. Wa bata wa mtoni." Mwingine alikuwa na kamba ya mbwa, na mbwa alikufa kabla yake, naye akaendelea kutoka na kamba. Binti mmoja, alipoulizwa kuhusu baba yake, alikaa kimya muda mrefu, akajibu, "Chupa," na mzee akamtazama, akamwuliza tena kwa sauti ile ile, "Na kabla ya chupa?" Yule binti alilia, akasema alikuwa akishika kitana, akimchana nywele kabla ya shule. Tumeketi katika kiti cha kitubio miaka mingi, wapendwa, na hatujui kama tumewahi kuuliza swali lililo zuri kama lile la pili.

Mnaweza kuuliza kama haya si ibada ya sanamu, na ni halali kuuliza. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima itolewayo kwa sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo. Lakini Mababa wale walizungumzia sanamu takatifu, na mzee yule hakuwaita watu wake watakatifu. Hakuwasha mshumaa mbele yao. Aliwaagizia Misa. Ukienda Naples, mtaa wa San Gregorio Armeno, utakuta mafundi wa pango la Noeli wanaowaweka wachezaji mpira na wanasiasa kati ya wachungaji. Na mapango ya Bavaria kwenyewe yana wauza maziwa na wakata kuni wa milima ile, katika nguo zao wenyewe, kana kwamba Bethlehemu iko ng'ambo ya kijito. Watu wa Mungu wamezoea kuwachonga jirani zao wadogo wadogo na kuwasogeza karibu na hori. Sisi hatuoni kosa hapo.

Ilipita miezi kadhaa kabla mzee hajatuonyesha kisanamu chetu. Alikuwa amekitengeneza Agosti ile ile, juma la mahubiri. Alikitoa ndani ya droo, si kwenye rafu. Nguo nyeusi, nukta nyeupe shingoni, kichwa cha kahawia, na mkononi kile kipaza sauti cha umbo la tarumbeta ambacho kiwanda kiliwapa polisi wake. Tulicheka mpaka mkewe akaja kuangalia. Kisha hatukucheka.

Kichwa kile cha kahawia alikisumbukia. Kwa miaka mingi kiwanda kilitoa vichwa vya manjano tu, kwa hoja kwamba manjano si rangi ya kabila lolote na kila mtoto angejiona humo. Ni mwaka 2003 ndipo walipotoa wenye rangi za ngozi za kweli, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, na mhusika mmoja mweusi wa filamu za Star Wars. Mzee alikitafuta chetu katika BrickLink, soko la mtandaoni la vipande, lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Lego yenyewe mwaka 2019; akaagiza vinne vya kahawia tofauti, akavipanga dirishani, akangoja tupite barabarani ili alinganishe. Yaani mtu tuliyemwaibisha mbele ya kijiji alikaa juma lile lile dirishani akitafuta rangi yetu sawasawa. Tulimwambia manjano yangetosha. Alijibu kwamba manjano ni kila mtu, na kila mtu hakumhubiri yeye.

Akakichukua kile kipaza sauti akakitupa katika kopo la vichwa vilivyoyeyuka. "Basi, Padre, tuweke nini?" alituuliza. Tulisema kalisi. Akatikisa kichwa: kalisi ni ya mapadre wote. Tukasema rozari, akangoja. Hatukuwa na jibu jingine. Kisanamu kikarudi drooni na mkono mtupu.

Mwaka 2020 ulikuja na janga la korona. Majuma mengi mazishi yaliruhusiwa kuhudhuriwa na ndugu wachache tu wa karibu, na tulizika watu waliojaza kanisa enzi zao mbele ya watu watano waliosimama mbalimbali. Mzee alifanya kazi usiku na mchana. Hakuweza kuingia nyumbani kwa wafiwa. Aliuliza swali lake kwa simu, au kupitia dirishani, na alipomaliza aliacha kisanamu juu ya sanduku la barua, kimefungwa katika karatasi laini. Sisi tulisugua vichwa, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee tuliyoiweza bila kuharibu.

Tulipoaga mwaka 2021 alitupa sanduku la bati lenye brashi mbili, kisu, vipande vya kubahatisha, na kisanamu chetu. Mkono wa kulia ulikuwa bado mtupu. Alisema, "Bado sijajua. Utaniandikia." Hatukumwandikia. Kazi za parokia mnazijua, na sanduku lilikaa juu ya kabati miaka kadhaa.

Mwezi Agosti ilifika barua ya mkewe. Mzee alilala Julai, nyumbani, akiwa amepokea sakramenti. Mama yule aliandika habari za mazishi, za hali ya hewa, na mwishoni mstari mmoja: marehemu wote wa kijiji wapo kwenye rafu, ila yeye, na hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuketi mezani pake na kusugua.

Tuliteremsha sanduku. Tulikuwa tumeshaamua: brashi mkononi, bila shaka, au nyundo ya reli. Kisha tukaona aibu, tukamwandikia mjane na kumwuliza swali la mzee mwenyewe. Jibu lilichukua majuma mawili: kitambaa cha kukaushia vyombo. Miaka 51 ya ndoa, yeye akiosha na mumewe akikausha, kila usiku, chini ya dirisha lile lenye kijana wa kofia nyekundu. Sisi tulikaa jikoni mle Jumamosi baada ya Jumamosi na hatukuiona hata mara moja, kwa sababu tuliondoka kabla ya vyombo.

Basi huko ndiko Brasso ilikokwenda. Tumeharibu vichwa vitatu na kupasua kiwiliwili kimoja kwa kung'oa mkono bila subira. Masharubu ya mvi tumeyaweka kwa kijiti cha meno. Kitambaa tulikikata kutoka mabaki ya fundi anayetushonea alba, tukakichora mistari ya samawati kwa kalamu, tukakichovya katika gundi iliyochujuka ili kikauke kikiwa kimening'inia. Vanishi tumepaka mara tatu.

Bahasha za majina ya marehemu, kwa ajili ya Misa za mwezi huu, zipo mlangoni mwa kanisa kama kila mwaka. Mtaona kwamba karatasi ya ndani imeongezwa mstari mmoja chini ya jina. Atakaye aujaze, asiyetaka auache. Majina yatasomwa vilevile. Zilizokwisha kurudi tunazo mezani: jembe, rimoti ya televisheni, fimbo ya kuchungia, "ingawa ng'ombe waliisha zamani", sikio la mjukuu.

Juzi tulikwenda posta na kifurushi. Karani alitutaka tujaze fomu ya forodha: ni kitu gani, cha nini, thamani yake kiasi gani. Tuliandika mwanasesere wa plastiki, mmoja, zawadi. Kwenye thamani tulisita, foleni ikaanza kuguna nyuma yetu, naye karani, binti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, akatuambia: "Baba Paroko, andika tu elfu mbili, hawatakutoza." Tukaandika elfu mbili.

Kopo jipya la Brasso tumelinunua kwa fedha yetu, nalo lipo katika kabati la sakristia, rafu ya chini.

Wenu katika Kristo,
Paroko